Jumapili Yako ya Kwanza Kanisani Nairobi: Mwongozo Kamili, Kuanzia Langoni hadi Chai ya Wageni

Wengi wanaoniuliza jinsi ya kwenda kanisani mara ya kwanza huwa tayari wamejaribu wakashindwa. Yupo aliyefika hadi langoni akageuka. Yupo aliyeketi kiti cha mwisho, wageni walipoombwa wasimame akatoka na simu sikioni, asirudi. Mwingine aliona kikapu cha sadaka kinakuja na mfukoni ana noti ya elfu moja peke yake, ya nauli na ya chakula cha mchana.

Nimehudumu mlangoni katika kanisa moja la Eastlands, mashariki mwa Nairobi, kwa miaka mingi, na watu hawa nawatambua tangu wakiwa ng'ambo ya barabara. Kinachowarudisha nyumbani si ukosefu wa imani. Hakuna aliyewaeleza kitakachotokea ndani, kwa utaratibu upi, na wafanye nini kikitokea.

Kwa hiyo shika jambo moja kabla ya mengine yote: siku ya kwanza kazi yako ni kuketi mpaka mwisho, ukitazama na kusikiliza. Kujitambulisha, kutoa, kushiriki meza ya Bwana (komunyo), kupita mbele, yote hayo yana wakati wake, na wewe ndiwe unayeamua. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa zikusaidie kufika mwisho huo bila fadhaa.

## Unavyohitaji

- Nguo safi ambazo utaweza kusimama nazo, kuketi na hata kupiga magoti kwa saa mbili au tatu.
- Noti ndogo na sarafu: hamsini mbili au mia moja, na shilingi ishirini kadhaa. Zitafute Jumamosi jioni. Jumapili asubuhi kondakta hana chenji na maduka mengi mtaani bado yamefungwa.
- Nauli ya kurudi, kwenye mfuko wake peke yake. Ukiichanganya na sadaka, utakaa ibada nzima ukipiga hesabu.
- Simu yenye chaji, iliyonyamazishwa.
- Leso au mtandio, kwa mwanamke. Unafunika kichwa, magoti au mtoto, kulingana na mahali.
- Ukiwa na mtoto: maji, kitu cha kutafuna kisichopiga kelele, na nguo ya kubadilisha.

Biblia si lazima. Makanisa mengi huonyesha aya kwenye skrini, na pasipo na skrini jirani atakusogezea yake. Suti, tai, kujua nyimbo na kadi ya ubatizo, vyote viache.

## Hatua ya 1: Chagua kanisa moja, ujue ni la aina gani

Kosa la kwanza ni kutoka nyumbani bila kuamua, ukitarajia kuingia popote utakapovutiwa. Nairobi kwa umbali wa mita mia mbili unaweza kupita makanisa matano, kila moja na spika zake. Utazunguka mpaka ibada zote zimeanza.

Kama una rafiki, jirani au mfanyakazi mwenzako anayekwenda kanisani, nenda kwake. Mtu mmoja unayemfahamu ndani anatosha kukuondolea nusu ya wasiwasi. Kama huna, anza na kanisa kubwa lenye ibada kadhaa kwa siku, ambako uso mgeni si habari. Katikati ya jiji kuna Basilika Ndogo ya Familia Takatifu, ya Wakatoliki, unayoweza kuifikia kwa miguu kutoka kituo cha mabasi cha Kencom. All Saints Cathedral ya Waanglikana iko karibu na Uhuru Park. St. Andrew's ya PCEA, yaani ya Wapresbiteri, iko jirani na Chuo Kikuu cha Nairobi. Kwa Wapentekoste, CITAM (Christ Is The Answer Ministries) Valley Road ni mojawapo ya yanayojulikana zaidi.

Kanisa dogo la mtaani, la mabati au la ukumbi wa kukodi, lina joto lake: watakujua jina kabla hujaketi. Hilo ndilo zuri lake, na ndilo linalowatisha wageni wenye haya. Jipime mwenyewe. Usisahau kwamba Waadventista wa Sabato hukutana Jumamosi. Ukifika Jumapili utamkuta mlinzi tu.

Kama kanisa linarusha ibada zake mtandaoni, tazama moja usiku wa Jumamosi. Ndani ya dakika ishirini utajua watu wanavaaje, wanatumia lugha gani, na muziki una sauti kiasi gani.

Tahadhari. Kuna makanisa ambayo usirudi, na mengine usiingie kabisa. Mhubiri akiwakataza watu hospitali, akiwaagiza kuwatoa watoto shuleni, kuuza mali au kukata mawasiliano na jamaa, ondoka. Shakahola katika Kaunti ya Kilifi, mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa ya watu waliomfuata mhubiri aliyewataka wafunge chakula hadi kufa. Kanisa la kweli halimwogopi daktari, wala halimwogopi mama yako.

## Hatua ya 2: Hakikisha saa, lugha na muda

Kibao cha langoni kwa kawaida huandikwa kwa saa za Kiingereza: 9:30 ni saa tatu unusu. Nimewapokea watu waliochelewa ibada nzima kwa kuchanganya hapo.

Piga simu ofisi ya kanisa siku ya juma, au pita hapo Jumamosi uulize maswali matatu. Ibada ya Kiswahili ni saa ngapi? Huchukua muda gani? Je, Jumapili hii kuna jambo maalumu?

Swali la pili lina maana kubwa. Misa ya Kikatoliki mjini kwa kawaida huisha kwa saa moja hadi moja na nusu. Waanglikana na Wapresbiteri huchukua saa moja na nusu hadi mbili. Kanisa la kiroho mtaani, la Kipentekoste au la namna hiyo, linaweza kwenda saa tatu au nne, nawe usijipangie shughuli nyingine ya saa sita.

Swali la tatu hupuuzwa sana. Jumapili ya mavuno, ya kipaimara, ya harambee ya ujenzi au ya ziara ya askofu huwa ndefu, imejaa watu, na michango ni mingi. Ni siku nzuri kwa wenyeji, lakini kwa mgeni wa mara ya kwanza si siku ya kuanzia. Sikukuu kama Krismasi na Pasaka nazo ni hivyo hivyo.

Kuhusu lugha, makanisa mengi mtaani huwa na ibada ya Kiingereza mapema, kisha ya Kiswahili au ya lugha ya nyumbani: Kikuyu, Kikamba, Dholuo. Kukosea ibada si dhambi, lakini kuketi saa tatu bila kuelewa mahubiri kunachosha.

Mwenye haya nyingi namshauri ajaribu Misa ya Jumamosi jioni kwa Wakatoliki, inayohesabiwa kuwa ya Jumapili, au ibada ya kwanza kabisa ya asubuhi. Hizo huwa fupi na tulivu.

## Hatua ya 3: Vaa kwa heshima, usijionyeshe

Mwanamume: suruali ndefu na shati, au fulana yenye kola. Mwanamke: sketi au gauni linalofika chini ya magoti ukiwa umeketi (lipime ukiwa umeketi, sio umesimama), na mabega yaliyofunikwa. Kwenye makanisa ya vijana utaona jinzi na viatu vya michezo, na hakuna atakayekutazama. Kwa Waadventista vaa kwa staha zaidi na upunguze mapambo.

Kwa Akorino, waumini wa Kikenya wavaao vilemba, na katika makanisa kadhaa ya Roho, viatu huachwa mlangoni, wanawake hufunika kichwa, na wanaume na wanawake huketi pande tofauti. Vaa soksi nzima.

Kofia ya mwanamume huvuliwa mlangoni karibu kila mahali, isipokuwa pale kilemba ni sehemu ya ibada yenyewe. Kama huna nguo nyingine ila uliyo nayo, nenda nayo ikiwa safi. Nimewaona watu wakingoja miezi wapate viatu, na hakuna mchungaji mwenye moyo anayetaka ungoje hivyo.

## Hatua ya 4: Fika dakika ishirini kabla

Hii ndiyo hatua inayookoa nyingine zote. Anayefika mapema huchagua kiti, hujua choo kiko wapi, huona wengine wanavyofanya wakiingia. Anayechelewa huongozwa na mhudumu hadi kiti pekee kilichobaki, nacho kwa kawaida huwa mbele kabisa, macho yote yakimfuata.

Matatu za Jumapili asubuhi hukawia kujaa. Toka nyumbani nusu saa mapema kuliko siku ya kazi, hata kama barabara ni nyeupe. Na Jumapili za mbio za marathoni baadhi ya barabara hufungwa, hivyo ulizia.

Langoni, kwenye makanisa makubwa, walinzi watakagua mkoba na kukupitisha kwenye mashine ya kupima chuma. Hakuna anayekushuku, kila mtu hukaguliwa, hata wazee wa kanisa. Fungua mkoba kabla ya kufika mbele ya foleni.

Mlangoni utamkuta mhudumu mwenye beji au sare. Mwambie hivi, kwa sauti ya chini: *"Habari ya asubuhi. Ni mara yangu ya kwanza. Ningependa kuketi katikati ya ukumbi, upande wa njia."* Sentensi hiyo ina nguvu kuliko unavyodhani. Mhudumu atajua akuweke karibu na mtu mkarimu, na wakati wa sadaka na meza ya Bwana atakuashiria. Sisi wa mlangoni tunapenda kuambiwa. Tunachoshindwa ni kukisia.

Salamu ya kwanza inaweza kukukanganya. Ukiambiwa "Bwana asifiwe," jibu ni "Amina." Kwa Wakatoliki, "Tumsifu Yesu Kristu" hujibiwa "Milele na milele, amina." Ukisahau, "Asante, habari yako?" inatosha.

## Hatua ya 5: Kiti

Keti katikati ya ukumbi, upande wa njia. Ukiwa na watu mbele yako utawafuata wanaposimama na kuketi. Kiti cha mwisho, ambacho kila mgeni hukikimbilia, kina shida tatu: huoni chochote, wanaochelewa wanakupita juu ya miguu, na mlango uko karibu mno. Ukianza kuogopa utatoka.

Epuka safu mbili za mbele, ambazo huwa za kwaya, wazee au viongozi. Epuka pia kukaa mbele ya spika. Katika makanisa ya kiroho utashindwa kusikia simu yako mpaka jioni.

Ukiambiwa kiti kina mwenyewe, usichukue kuwa umefukuzwa. Geuka, mtafute mhudumu kwa macho, atakupa kingine.

Mtoto. Makanisa mengi yana Shule ya Jumapili. Mpeleke mwenyewe mpaka darasani, umwone mwalimu, uhakikishe jina la mtoto na simu yako vimeandikwa, na uulize nani anaruhusiwa kumchukua. Mahali ambapo hawaandiki majina wala hawaulizi anayekuja kumchukua mtoto, kaa naye. Akilia ibadani, toka naye, mtulize, mrudi. Kila mzazi kanisani amefanya hivyo.

## Hatua ya 6: Fuata mwendo wa ibada

Huhitaji kukariri. Unahitaji kujua sura yake tu, ili kitu kisikushtue.

Wakatoliki. Misa ina mwendo ule ule popote duniani. Watu huchovya kidole kwenye maji ya baraka mlangoni na kufanya ishara ya msalaba. Wewe si lazima. Kuna toba, kisha masomo: la kwanza, zaburi ya kuitikizana, la pili, na Injili, ambayo wote husimama kuisikiliza. Padre anahubiri. Hufuata kanuni ya imani, matoleo, sala kuu ya Ekaristi ambapo wengi hupiga magoti, Baba Yetu, kupeana amani, na komunyo. Simama wanaposimama, keti wanapoketi. Kupiga magoti ni hiari yako. Kuketi kwa utulivu kunakubalika. Wanapopeana amani, toa mkono na useme "Amani."

Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti. Utaona mambo yanayofanana na hayo, sala za kusoma kwa pamoja kutoka kitabuni au kwenye skrini, na tenzi. Ukipewa kitabu, muulize jirani ukurasa. Ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuanza mazungumzo na mtu usiyemjua.

Wapentekoste na makanisa ya kiroho. Hapa jipange. Ibada hufunguliwa kwa kusifu na kuabudu: nusu saa hadi saa nzima ya nyimbo, watu wamesimama, wanapiga makofi, wanaruka. Kisha sauti inashuka, nyimbo zinakuwa za taratibu, na wengine hulia au kunena kwa lugha. Mara ya kwanza huogofya. Hakuna hatari yoyote na hakuna anayekutarajia ufanye vivyo hivyo. Ukichoka, keti, wazee na wajawazito huketi pia.

Katika mahubiri utasikia mara kwa mara, "Mwambie jirani yako..." na watu wote wanageukiana. Geuka, tabasamu, sema lile neno au nyamaza. Litapita kwa sekunde tano.

Waadventista. Kuna Shule ya Sabato kwanza, ambayo ni mjadala wa somo katika vikundi, kisha ibada kuu. Kimya ni kingi, ngoma hakuna. Mchana watu wengi hula pamoja, nawe utaalikwa. Kubali.

Kisha matangazo, popote ulipo. Hayo hurefuka kuliko inavyofaa, na hapo ndipo wageni wengi huondoka wakidhani ibada imekwisha. Bado. Ikiwa ni Jumapili mwanasiasa amekuja, matangazo yanaweza kurefuka zaidi, ingawa Kanisa Anglikana la Kenya liliwazuia wanasiasa kuhutubia waumini ibadani tangu mwaka 2021.

## Hatua ya 7: "Wageni wetu, tafadhali simameni"

Hapa ndipo ninapowapoteza wengi, kwa hiyo soma mara mbili.

Kwa makanisa mengi ya Kiprotestanti, kiongozi huwaomba wageni wasimame. Mahali pengine inatosha kupunga mkono. Mahali pengine maikrofoni inaletwa mpaka kwako. Wenyeji hufanya hivi kwa ukarimu. Kwao ni kama kukuandalia kiti cha heshima sebuleni. Sioni ubaya wa nia hiyo, ila naamini makanisa yetu yangefanya vyema kuwaacha wageni wachague.

Una njia mbili, zote halali.

Ya kwanza, simama na useme maneno machache: *"Habari zenu. Naitwa Atieno, nimetoka Donholm. Nimefurahi kuwa nanyi."* Keti. Jina moja na mtaa vinatosha. Utasikia wengine wakisimulia kanisa wanalotoka, mchungaji wao, siku waliyookoka. Hiyo ni desturi ya waumini wanaotembeleana, na wewe haikuhusu.

Ya pili, usisimame. Baki umeketi, tazama mbele, piga makofi kwa wengine. Mtu akikugusa bega akisema, "Wewe ni mgeni, simama," mjibu kwa upole: *"Asante, leo nitaketi tu."* Hujadanganya wala hujakosea mtu.

Usichopaswa kufanya ni kutoka. Ukitoka hapo, Jumapili ijayo utaogopa mara mbili.

Fomu ya wageni. Unaweza kupewa kadi ya kujaza jina, simu, mtaa, na kama ungependa mchungaji akutembelee. Jaza unachotaka kukitoa. Nafasi ya simu unaweza kuiacha wazi. Ukiandika namba, tarajia kupigiwa.

## Hatua ya 8: Sadaka

Mgeni hadaiwi sadaka. Zaka, yaani fungu la kumi, ni wajibu wa washiriki, na michango ya ujenzi ni ya wenyeji. Ukitaka kutoa, shilingi hamsini au mia ni sadaka ya kawaida kabisa, na sarafu ya ishirini haitakataliwa.

Kuna namna mbili za kukusanya. Ama kikapu au mfuko hupitishwa mkono kwa mkono, ama watu hutoka safu kwa safu wakiimba na kuweka sadaka mbele. Kikipitishwa, mpe jirani bila kutia kitu, kwa mkono wa kawaida, bila kueleza. Safu ikitoka, unaweza kutoka nao na kupita tu, au kubaki ukiwapisha. Hakuna anayehesabu mikono. Nimesimama kando ya vikapu hivyo muda mrefu na nakuhakikishia kwamba hatuangalii.

Usishangae sadaka zikikusanywa mara mbili au tatu katika ibada moja, kila moja na kusudi lake. Ukitoa mara ya kwanza, umemaliza. Na usichukue chenji kikapuni.

Nambari ya Paybill, ya kulipia kwa M-Pesa, ikionyeshwa kwenye skrini, angalia jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha malipo. Liwe jina la kanisa.

Tahadhari. Ukiombwa kutuma pesa kwa namba ya simu ya mhubiri mwenyewe, usitume. Ukiambiwa utoe "mbegu" ya kiasi fulani ndipo upone, upate kazi au uolewe, usitoe, hata kama umati mzima unapita mbele. Vivyo hivyo maji, mafuta na vitambaa vinavyouzwa kwa ahadi ya muujiza. Mwenye shida ndiye anayetegwa zaidi hapo, na ukienda kanisani ukiwa na uchungu, linda mfuko wako siku hiyo kuliko siku nyingine.

## Hatua ya 9: Komunyo au Meza ya Bwana

Kwa Wakatoliki, anayepokea komunyo ni Mkatoliki aliyeandaliwa na aliye katika hali ya kupokea. Kama hujafika hapo, baki kwenye benchi na usogeze magoti watu wapite. Utaona wenyeji wengi wamebaki pia, kila mmoja kwa sababu zake. Usifuate foleni kwa aibu ya kubaki. Hilo ndilo kosa moja la mgeni linalowaumiza kweli waumini wa hapo, kwa kuwa kwao hostia, yaani mkate wa komunyo, ni mwili wa Kristo.

Kwa Waanglikana na Waprotestanti wengi, meza huwa wazi kwa waliobatizwa, au kwa waliookoka, na kiongozi hutangaza nani anaalikwa. Sikiliza tangazo hilo. Wapentekoste hupitisha trei ya vikombe vidogo na vipande vya mkate. Mpe jirani trei bila kuchukua. Waadventista hutanguliza kuoshana miguu, wanaume na wanaume, wanawake na wanawake, na mgeni anaweza kutazama.

Ukiwa na shaka, usishiriki. Hakuna anayekwazwa na mgeni aliyeketi.

## Hatua ya 10: Wito wa kupita mbele

Mwisho wa mahubiri ya kiroho, muziki unacheza kwa sauti ya chini na mhubiri anawaita wanaotaka kuokoka, au wanaotaka kuombewa. "Fumba macho, inua mkono." Kisha, "Uliyeinua mkono, njoo mbele."

Hili ni jambo zito. Kama moyo wako unakuita, nenda, na usiruhusu mwongozo wangu ukuzuie. Kama unaenda kwa sababu jirani anakusukuma au kwa sababu kiongozi amesema "bado mmoja, namwona," kaa. Jumapili ijayo wito utakuwepo tena.

Ukienda, utaongozwa sala ya toba kwa kurudia maneno, kisha mtu atakuchukua pembeni aandike jina lako. Wakati wa maombezi wengine huwekewa mikono na huanguka. Nyuma yao huwa kuna mtu wa kuwadaka. Huhitaji kuanguka. Ukihisi unasukumwa kwenye paji la uso, rudi hatua moja nyuma. Mwanamke akiitwa kuombewa faragha na mchungaji wa kiume, aombe mama mwingine wa kanisa awepo, mlango ukiwa wazi. Kanisa lenye utaratibu mzuri hupanga hivyo bila kuombwa.

## Hatua ya 11: Baada ya baraka ya mwisho

Ibada imekwisha wakati kiongozi ametoa baraka na watu wanaanza kusalimiana. Usikimbie. Dakika kumi za nje ya mlango ndizo zinazoamua kama utarudi, kwa kuwa hapo ndipo mtu mmoja atakuuliza jina, nawe utamuuliza lake.

Ukialikwa chai ya wageni, kunywa. Mara nyingi ni chai ya maziwa, mkate au mandazi, na mzee wa kanisa anayeeleza vikundi vilivyopo. Huwekwi mkataba.

Umefaulu kama umekaa hadi baraka, na una jina la mtu mmoja utakayemtambua ukirudi. Si lazima uwe umefurahi. Wengine hutoka wamechoka, wamechanganyikiwa, au wana machozi wasiyojua yametoka wapi. Hayo yote ni ya kawaida.

## Wiki inayofuata

Kati ya Jumatatu na Jumatano utapigiwa simu au kutumiwa ujumbe, kama uliacha namba. Ukitaka kuendelea, uliza swali moja: ni nani wa mtaa wetu anayekuja kanisani hapo? Utaunganishwa na jumuiya ndogo ndogo kwa Wakatoliki, au kikundi cha nyumbani kwa wengine. Kama hutaki, jibu: *"Asante kwa kunikaribisha. Kwa sasa naomba msinipigie. Nikiwa tayari nitawatafuta."* Wakiendelea, waandikie ofisi wafute namba yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki hiyo, na kanisa halikusamehewa.

Usilipime kanisa kwa ibada moja. Rudi hapo hapo mara ya pili kabla ya kwenda kwingine, maana huenda ulikuta siku ya mhubiri mgeni au umeme uliopotea. Baada ya hapo, kama si mahali pako, hama bila kumuaga mtu yeyote.

Na ukitaka kubatizwa au kujiunga, usingoje uitwe. Kwa Wakatoliki mtafute katekista, yaani mwalimu wa dini. Mafundisho ya watu wazima huchukua miezi mingi. Kwa Wapentekoste uliza darasa la ubatizo, ambalo huwa la wiki chache. Ofisi nyingi za parokia hufungwa Jumatatu, kwa hiyo nenda Jumanne.